Deni la Askari Mzee

Mazungumzo yetu ya leo yahusu watu ambao wengi wenu mnawajua kwa sura na kwa jina, maana wamo vijijini mwenu. Ni wazee waliokuwa askari. Twataka kuuliza swali moja, na kulijibu kwa kadiri tuwezavyo: mtu aliyeitwa na nchi yake akiwa kijana, akaenda vitani, akarudi, kisha akazeeka pasipo mtu wa kumtunza, je, chakula chake na kitanda chake ni juu ya nani? Ni juu ya jamaa na jirani, au ni juu ya mfuko wa umma? Na kama ni juu ya mfuko wa umma, yafaa fedha hiyo itumike kwa njia gani?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Sisi ni walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Wakati mmoja tulikuwa Tunduma, tukiwaangalia wanafunzi wetu wakifanya mazoezi ya kufundisha katika shule za huko. Wanaoujua mji ule wajua jinsi ulivyo: malori yamejipanga mstari mrefu yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, na wachuuzi wapita katikati yao na mahindi ya kuchoma. Basi jioni moja akatujia mzee kutoka pande za Momba, amevaa koti zito ijapokuwa jua lilikuwa kali, na mkononi ameshika mkebe wa bati.

Tukamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba, walimu. Nimeambiwa hapa pana watu wa kuandika barua."

Akaufungua mkebe. Ndani mlikuwamo karatasi ambayo mchwa wameila hata haisomeki, ila pembe moja tu yenye alama ya muhuri. Akatueleza ya kuwa alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda vita vya Kagera, akafika mpaka ndani ya Uganda. Mkewe amekwisha kufa. Watoto wake wawili walivuka mpaka kutafuta kazi Zambia, na habari zao hana. Yeye mwenyewe hulala katika jiko la jirani. Alitaka tumwandikie barua kwa wakubwa. Tulipomwuliza namba yake ya uaskari hakufikiri hata kidogo. Aliitamka mara moja, kama mtoto atajavyo jina la baba yake.

Tukamwuliza tena, "Baba, ukipata nafasi katika makazi ya wazee, utakwenda?" Akauliza makazi hayo yako wapi. Tukamtajia yale ya Nunge, huko Kigamboni, Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 900 kutoka Tunduma. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikwisha kwenda mbali mara moja. Huko nani atanizika?"

Wasikilizaji, tangu siku ile hatukuweza kuyasahau mambo hayo mawili: namba aliyoikumbuka, na kaburi aliloliulizia. Hayo ndiyo yatakayotuongoza leo.

Kwanza tukumbuke ya kuwa nchi yetu hii ya mpakani imeijua vita tangu zamani. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wadachi yalivuka mto Songwe, yakapigana na Waingereza huko Karonga. Mwanzoni mwa Novemba 1918, vita ilipokuwa karibu kwisha, majeshi ya Jemadari von Lettow-Vorbeck yalipita pande hizi, yakaishambulia boma ya Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo. Tarehe 25 Novemba yakaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Nyuma ya askari wa pande zote mbili walikwenda wapagazi, watu wa vijijini waliotwishwa unga na risasi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na njaa, homa na kuhara ni wengi kuliko waliouawa na bunduki. Jina la Kariakoo, kule Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Walakini wengi wao walikufa pasipo hata jina kuandikwa.

Ikaja vita ya pili, ya mwaka 1939 hata 1945. Vijana wa Tanganyika waliingia King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945. Huko Burma waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa, wakipita katika matope na homa. Wengine hawakufika hata vitani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa Afrika Mashariki.

Waliopona walirudi, wakapewa kiinua mgongo, wakaagwa. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya hati ya zamani ya serikali ya Uingereza, iliyoonyesha ya kuwa askari Mwafrika alihesabiwa kiinua mgongo kipatacho theluthi moja tu ya kile cha askari Mzungu wa cheo kilekile. Na mwaka 2018 serikali hiyo iliahidi paundi milioni 11.8 ili askari maskini waliopigana zamani kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, wapate milo miwili kila siku. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini hesabuni wenyewe: toka mwaka 1945 hata mwaka 2018 ni miaka 73. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya amani alikuwa na miaka 93 siku ya ahadi. Deni linalocheleweshwa namna hii huwakuta wachache tu, na waliobaki hulipwa makaburini, ambako fedha haina kazi.

Kisha ikaja vita yetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilikwenda kuwafukuza, na mgambo wakaitwa kutoka mikoani kulitia nguvu. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatekwa. Vijana wetu wa pande hizi walitoka katika mkoa wa Mbeya, maana mkoa wa Songwe haukuwapo mpaka mwaka 2016. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo anakaribia miaka 70. Askari wa kudumu aliyemaliza utumishi wake anayo pensheni yake. Lakini wengi wa mgambo walirudi kwenye jembe, na jembe halina pensheni. Siku mkono ushindwapo kuliinua, ndiyo siku riziki ikatikapo.

Sasa tutazame jinsi mataifa mengine yalivyofanya. Mwaka 1670 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru ijengwe nyumba kubwa mjini Paris, iitwayo Invalides, wakae humo askari waliolemaa na kuzeeka. Mwaka 1682 mfalme Charles wa 2 wa Uingereza akaanzisha nyumba ya namna hiyo huko Chelsea, London. Nyumba hizo mbili ziko hata leo, na wazee wa Chelsea hujulikana kwa makoti yao mekundu. Lakini tuangalie habari ya fedha, maana ndiyo inayotupasa kujifunza. Nyumba ya Chelsea haikuendeshwa kwa huruma ya mfalme peke yake. Kwa muda mrefu askari walio kazini walikatwa sehemu ya mishahara yao kwa ajili ya gharama zake, na hata mzee aingiapo kukaa humo huiacha pensheni yake ya jeshi, naye hupewa chakula, chumba, mavazi na matibabu. Kwa hiyo mzee akaaye Chelsea hawezi kuambiwa ya kuwa anakula bure. Anakula alichokiweka.

Katika nchi yetu yako makazi ya wazee yaendeshwayo na serikali: Nunge tuliyoitaja, Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi huko Mwanza, Fungafunga huko Morogoro, na mengineyo. Zanzibar wanayo Sebleni na Welezo. Hayo ni makazi ya wazee wasiojiweza kwa jumla, si ya askari peke yao. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi ya kuwa matunzo ya mzee ni kwanza kazi ya jamaa na jumuiya yake, na kumweka katika makazi ni njia ya mwisho.

Hapo twasikia watu wa namna mbili wakisema. Wa kwanza husema, "Nyumba za wazee ni desturi ya kigeni. Sisi tuna watoto, tuna wajukuu. Kumpeleka baba katika nyumba ya serikali ni kumtupa." Maneno haya yana ukweli, nasi hatutaki kuyadharau. Wahenga walisema, ng'ombe avunjikapo guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Zizi la mtu ni kwao. Lakini twauliza: na yule ambaye zizi lake limevunjika je? Mke amekufa, watoto wametawanyika, ndugu nao wamezeeka. Huyo ukimwambia arudi zizini, wampeleka porini. Na aibu ya nyumba ya wazee, kama ipo, si kubwa kuliko aibu ya mzee kulala katika jiko la jirani.

Wa pili husema, "Fedha ya umma ni haba. Zahanati hazina dawa za kutosha, madarasa yamejaa, barabara za Ileje hukatika masika. Kwa nini tuwape wazee wachache kilicho haki ya watoto wengi?" Hili ni neno la watu wenye akili, wala halijibiwi kwa hasira. Sisi tuliowahi kuangalia shule ya bweni twajua gharama ya kitanda. Si mbao na godoro tu. Ni unga na maharagwe kila siku, ni kuni, ni mpishi, ni sabuni, ni mwuguzi, ni mlinzi wa usiku. Na wanafunzi huenda likizo, jiko likapumzika. Mzee hana likizo. Tena mzee huugua zaidi, na mwisho wahitaji sanda na jeneza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gharama ya kumweka mzee mmoja katika makazi ni sawa na kuwapa posho wazee watatu walio nyumbani kwao. Mwenye fedha kidogo atachagua lipi?

Jibu letu ni hili. Fedha kidogo ni sababu ya kupanga. Si sababu ya kukana deni. Zawadi hutolewa mtu akiwa na ziada, lakini deni hulipwa hata mtu akiwa na kidogo, ingawa kwa sehemu. Nchi ilipomwita kijana mwaka 1978 haikumwuliza kama ana ziada ya maisha. Basi na yeye akija uzeeni asiambiwe angoje ziada ya hazina. Dawa ya deni ni kulipa.

Walakini deni lapasa kulipwa kwa utaratibu, na sisi twaona utaratibu wa mambo matatu, moja likifuata lingine.

Jambo la kwanza ni daftari. Imesimuliwa vitabuni habari ya mwaka 1964, wakati bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wazee waliotumika chini ya Lettow-Vorbeck. Mtu wa benki alitumwa na fedha mpaka Mwanza. Wakakusanyika wazee wapatao 350, lakini wachache tu walikuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi vilivyochakaa. Yule mtu akawaza, kisha akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akaamuru kwa Kijerumani mazoezi ya silaha. Wasema hakukosea hata mmoja.

Wengi wakisoma habari hii hucheka, na kweli inafurahisha. Lakini sisi tukiisoma twahuzunika pia. Je, aliyekuwa amepooza mkono angefanyaje? Na aliyekuwa kitandani, asiweze kufika Mwanza? Na mjane, ambaye hakufundishwa mazoezi ya silaha, lakini alilima peke yake miaka yote mume asipokuwapo? Haki ya mtu isitegemee ufagio. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mtu ni mali. Kwa hiyo kila kijiji na kiwe na orodha ya askari na mgambo wazee waliomo: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba, kikosi, mahali alipotumika, na majina ya wenzake wawili wawezao kumshuhudia. Orodha hiyo iandikwe sasa, mashahidi wangali hai.

Jambo la pili ni kumlipa mzee alipo. Wengi wa wazee hawa hawahitaji nyumba ya serikali. Wahitaji kitu kidogo kisichokatika, pamoja na matibabu. Zanzibar imetuonyesha ya kuwa yawezekana. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika fedha ya serikali, awe alikuwa karani au mvuvi. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa. Lakini mzee mwenye kitu kidogo cha kila mwezi hubaki mtu wa nyumbani: aweza kununua chumvi, aweza kumpa mjukuu daftari, na jirani amwekaye hamwoni kuwa mzigo. Fedha ya namna hii hulitia nguvu zizi lisivunjike.

Jambo la tatu ndilo la makazi yenyewe, na tumeliweka mwisho kwa makusudi. Makazi yawe kwa yule asiye na zizi kabisa: asiye na mke wala mtoto wa kumtunza, au mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Hao ni wachache, na kwa kuwa ni wachache, umma wawezaje kusema umeshindwa? Lakini makazi hayo yasiwe mbali hata mzee aone amehamishwa nchi. Vyumba vichache karibu na hospitali ya wilaya, mathalan hapo Vwawa, palipo makao makuu ya mkoa wetu, vingefaa kuliko jumba kubwa la mbali. Mzee akae aisikie lugha yake, aonwe na watu wa kijiji chake siku ya soko, na akifa azikwe na watu wanaomjua. Na fedha ya chakula chake itengwe kwa jina lake katika makadirio ya kila mwaka, isome hivyo mbele ya baraza la madiwani, na matumizi yake yasomwe tena mwisho wa mwaka, kila mtu asikie. Makazi yanayoishi kwa misaada ya sikukuu hushiba siku ya sikukuu. Siku nyingine 364 zahitaji bajeti.

Twajua yako mengi yasiyo katika uwezo wa msikilizaji wetu. Huwezi wewe kupitisha bajeti ukiwa Kamsamba au Itumba. Lakini lile la kwanza, la daftari, liko mkononi mwako. Wanafunzi, mwajua kuandika. Jumamosi moja chukueni kalamu, mwende kwa mzee mmoja aliye karibu nanyi. Mwamkieni kwa heshima, mwambieni mmekuja kujifunza. Mwulizeni aliitwa lini, alipita wapi, nani alikuwa mkubwa wake, nani alikuwa rafiki yake. Asipotaka kusema, msimlazimishe, maana yako mambo ya vita ambayo mtu hukaa nayo mwenyewe. Akisema, andikeni kama asemavyo, msiongeze neno. Kisha msomeeni, aweke sahihi au dole gumba. Nakala moja abaki nayo yeye, moja ikae shuleni, na moja ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji.

Yule mzee wa Momba tulimwandikia barua yake. Baada ya miezi mingi likaja jibu, likitaka cheti. Cheti kilikwisha liwa na mchwa. Basi wanafunzi wetu wakafanya kama hivyo tulivyowaeleza sasa: wakaandika habari zake kurasa nne, wakawatafuta wenzake, wakampata mmoja Mlowo na mwingine ng'ambo ya pili, Nakonde, wote wawili wakatoa ushahidi. Karatasi hizo zilipelekwa tena, na mpaka leo twangojea jibu.

Kwa muda huo mzee angali kwa jirani yake, naye jirani huyo si tajiri. Ni mjane mwenye watoto wanne. Kila jioni humpakulia mzee ugali kabla ya kujipakulia mwenyewe. Hakuna serikali iliyomwagiza, wala posho aipatayo. Wasikilizaji, tukiuliza deni la askari mzee linalipwa na nani, jibu la kweli kwa leo ni hili: linalipwa na mama huyo peke yake, kwa unga wake. Twaona si haki mama mmoja alipe deni la nchi nzima.